Kiti cha Mbele cha Mkalimani

Hakukuwa na barua. Wale wa Homa Bay ambao kwa miaka ishirini na zaidi wamekuwa wakisema kwamba habari hii waliisikia posta, waliisikia kweli, na mimi niliyewakana kwa sauti ya mtu mwenye digrii ndiye niliyekuwa mwongo. Sikumwandikia yule muuzaji wa magari wa Kisumu, si wiki mbili kabla wala siku mbili kabla. Nilichofanya ni kuona fomu ya mtu mwingine mezani, kuionea wivu, na kuinakili.

Mtu huyo alikuwa mkalimani wa mahakama yetu. Alikuwa na jina, bila shaka, lakini sikumbuki kumsikia mtu akilitumia. Sokoni aliitwa Mkalimani, kanisani kwa Wasabato aliitwa Mkalimani, na hata mkewe, akimwita kutoka jikoni, aliita, "Mkalimani, chakula." Habari za kuzaliwa kwake na za ukoo wake nawaachia wa ukoo wake. Mimi nilianza kumjua baada ya Uhuru, na nilimjua jinsi mtu anavyomjua aliyemzidi: kwa makini mno, na bila raha.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye koti moja la kazi na baiskeli moja, na nyuma ya sikio alichomeka kalamu nyekundu ya mahakama. Alikuwa na lugha nne. Kijaluo kilikuwa cha mzaha, Kiingereza cha hakimu, Kikuria cha siku ambazo mahakama ilihamia Migori. Kiswahili alikivaa kama lile koti. Mkiwa mnacheka naye kwa Kijaluo, kisha ghafla akageukia Kiswahili, ulijua mzaha umekwisha na sasa unasikilizwa.

Nieleze wivu wangu ulikotoka, maana hata mimi ulinishangaza. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu kule Kampala nikiwa na viatu vya kisigino na hotuba kichwani. Niliwekwa kuwa mkuu wa shule ya wasichana pale nje ya mji, na nilitarajia kwamba nikipita sokoni watu watasimama. Walisimama kweli. Walinisalimu vizuri, wakauliza habari za wasichana, kisha wakavuka barabara kwenda kumwuliza Mkalimani jambo walilotaka kujua.

Barua ndizo zilizoniuma zaidi. Akina mama ambao watoto wao walikuwa wakifanya kazi Nairobi na Mombasa walipokea barua wasizoweza kuzisoma, nami nilitangaza kwamba ofisi yangu iko wazi kila alasiri. Mama mmoja, muuza samaki, alikuja mara moja. Nikamsomea barua ya mwanawe neno kwa neno: amepata kazi, anahitaji blanketi, kwaheri. Alikunja karatasi ile, akanishukuru, na kesho yake nikamwona ameketi kwenye ngazi za mahakama, barua ileile iko mikononi mwa Mkalimani, naye mama anacheka na kufuta macho. Nilimfuata nikamwuliza kama sikusoma vizuri.

"Ulisoma vizuri, Madam," akaniambia. "Ila wewe ulisoma karatasi. Yule alimsoma mtoto."

Baadaye niligundua siri yake: alikuwa akiongeza. Mtu huyu, ambaye mahakamani hakuwahi kuongeza wala kupunguza hata kikohozi, aliwasomea akina mama salamu ambazo hazikuandikwa. Aliuliza hali ya mbuzi kwa niaba ya vijana waliokuwa wamesahau kwamba kuna mbuzi. Nilipomkabili, nikiwa nimefurahi kumkamata, alisema kwamba mahakamani watu wameapa, lakini kwenye ngazi hakuna aliyeapa. Nilikwenda zangu.

Mahakamani alikuwa mtu mwingine kabisa. Mshtakiwa akimtukana hakimu, Mkalimani alilitafsiri tusi lote, kwa mlio uleule, huku akimtazama hakimu usoni kwa heshima. Mara moja tu aliomba ruhusa ya kusema maneno yake mwenyewe. Ilikuwa Migori, na mimi nilikuwapo kwa sababu nilikuwa nimekwenda kutoa ushahidi kuhusu ng'ombe walioingia shambani mwa shule. Kabla ya kesi yangu ilisikilizwa ya mashemeji wawili waliopigana kwa ajili ya nyamera waliyemwinda pamoja. Kwa desturi ya wawindaji wa upande wetu, mwenye mkuki wa kwanza huchukua mnyama, na mwenye mkuki wa pili hupewa mguu wa mbele. Hakimu, kijana mgeni, alitaka ushahidi, mashahidi, hata ramani. Ndipo mmoja wa wale wawili aliposimama akasema, "Mkuki wa kwanza ni wangu," na mwenzake, aliyekuwa na bandeji kichwani kwa ajili ya jambo hilohilo, akaketi chini na kusema hana neno tena.

Hakimu alishangaa. Mkalimani akaomba ruhusa, akaeleza kwamba wawindaji hawambishii mtu kauli yake juu ya mkuki wake mwenyewe. Watu wanaweza kupigana kabla hajaitoa. Akishaitoa mbele ya wenzake, basi.

"Na akidanganya?" hakimu akauliza.

"Atakula nyama, Mheshimiwa," akasema Mkalimani. "Na watu watamtazama akila."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari langu. Nilifikiri siku moja nitayatumia kwenye makala. Sikufikiri kwamba yatanihusu.

Sasa, gari. Kwa mwaka mzima Mkalimani alitembea na kitabu cha picha za magari katika mfuko wa ndani wa koti. Hakuwa akitaka gari tu, kwani magari yaliyotumika yalipatikana. Alitaka gari jipya, litakaloagizwa kwa jina lake, na kwenye fomu yake kila kitu cha ziada kitakuwa kimechaguliwa na yeye. Wakati wa mapumziko alikifungua kitabu kile juu ya ukuta wa mahakama na kuwauliza watu. Askari walitaka redio. Wauza samaki walitaka kibebeo cha juu cha kufungia mizigo. Mzee mmoja aliyekuja kwa kesi ya mpaka wa shamba alipiga kura ya paa linalofunguka, akisema atakayekuwa ndani ataweza kusimama na kusalimia watu. Rangi waliishindania kwa wiki tatu. Mwishowe alichagua bluu ya kijivu, rangi ya ziwa asubuhi kabla upepo haujaanza.

Kitu kimoja hakukipigishia kura, nacho ni kipasha joto. Watu walimcheka. Homa Bay, mahali ambapo siagi hugeuka maji mezani, mtu anaagiza gari lenye kipasha joto! Alicheka nao, lakini hakukifuta. Sababu niliijua baadaye, na afadhali nisingeijua.

Mimi nami nilikuwa nimekubaliwa na bodi ya shule kununua gari. Nilipanda basi kwenda Kisumu siku ya Alhamisi nikiwa na nia ya kununua kitu kidogo, kilichotumika, kisicho na makuu. Muuzaji, Mhindi mpole mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutazamia wateja, alinikaribisha, akatoka kuniitia chai. Mezani palikuwa na fomu moja. Niliujua mwandiko huo kutoka upande wa pili wa meza, kwa kuwa nilikuwa nimeutazama kwa chuki kwenye bahasha alizowaandikia akina mama wa soko zima. Alikuwa ameijaza Jumatatu. Redio, ndiyo. Saa, ndiyo. Paa la kufunguka, ndiyo. Kipasha joto, ndiyo, na mstari chini yake. Mwisho kabisa palikuwa na taa kubwa ya kumulikia, ile inayofungwa pembeni ya kioo na kugeuzwa kwa mkono. Hiyo alikuwa ameikata kwa kalamu nyekundu, na kando yake ameandika: *Hapana. Si haki.*

Muuzaji aliporudi na chai nilimwuliza, kama mtu asiyejali, kuhusu gari la aina ile. Akasema, "Gari moja tu iko, Madam. Iko njiani, meli inafika Mombasa mwezi ujao. Na imeshapata mtu. Nyingine labda mwaka ujao, mimi hapana jua."

Nikasikia sauti yangu ikiuliza kama hakupata barua yangu.

Barua gani? Ile niliyomwandikia wiki mbili zilizopita, nikimwomba aniwekee gari lilelile. Muuzaji alibadilisha miwani. Akafungua droo, akafunga, akafungua nyingine. Nilimsaidia kulaumu posta. Nilieleza kwamba mkuu wa shule hana sababu ya kusema uongo, jambo ambalo ni kweli, na ndiyo maana uongo wake huaminiwa. Mwishowe akanipa fomu, nami nikaijaza. Redio, saa, paa, kipasha joto. Sikuwa najua vitu hivi ni vya nini. Nilitaka tu kila alichotaka yeye. Kisha, ili nisiwe nimenakili kila kitu, na ili nimzidi kwa kitu kimoja, nikaweka alama kwenye ile taa.

Mkalimani alikuja shuleni wiki iliyofuata kwa baiskeli. Hakuingia ofisini. Alisimama chini ya ngazi, akanisalimu kwa Kijaluo, akasifia maua. Kisha akageukia Kiswahili.

"Nyar Kisegi," akasema, maana aliniita binti wa Kisegi, kwetu nilikozaliwa, "nimetoka Kisumu. Naomba neno moja tu. Mkuki wa nani ulitangulia?"

Ningeweza kucheka. Ningeweza kusema sijui mambo ya mikuki, mimi ni mtoto wa masista wa Asumbi. Lakini nilikuwa nimekaa Migori siku ile, na yeye alijua kwamba nilikuwapo na kwamba najua maana ya swali.

"Wangu," nikasema. "Barua yangu ilitangulia. Sikujua hata kama wewe umeagiza. Fomu yako sijaiona."

Aliinamisha kichwa kidogo, kama anavyofanya hakimu anapomaliza kuandika. "Basi mnyama ni wako," akasema. "Mimi ni mkuki wa pili. Nitaomba mguu wangu wa mbele."

Sikuelewa. Akaeleza kwamba gari halina mguu wa mbele, ila lina kiti cha mbele. Jumapili moja kila mwezi, nikitoka misa ya kwanza, nimpeleke ukingoni mwa bonde la Lambwe anakowinda na wenzake, kisha nimrudishe. Nilikubali haraka, kama mtu anayelipia kitu kikubwa kwa kitu kidogo.

Gari lilifika. Lilikuwa zuri kuliko picha. Nilipopita nalo sokoni mara ya kwanza watu walisimama, na safari hii hawakuvuka barabara. Walinitazama. Wauza samaki, askari, mzee wa kesi ya mpaka, wote walilitambua, kwa sababu walikuwa wamelichagua wao. Hakuna aliyesema neno baya. Wale waliouliza niliwaambia habari ya barua, na kadiri nilivyoisimulia ndivyo ilivyopata kurasa.

Yeye alibaki na baiskeli. Hakuagiza tena. Watu walimwambia atafute lingine, akasema mnyama akishaanguka msako wa siku hiyo umekwisha, hawaangushi wa pili. Kile kitabu cha picha aliwapa watoto wa mkuu wa askari wakakata picha. Kwa mtu aliyeota kitu kimoja mwaka mzima, ulikuwa utulivu wa kuudhi. Ningependa angekasirika.

Kwa hiyo nikawa dereva wake, na hivyo ndivyo nilivyojifunza uwindaji wake, nikiwa nimeketi ndani ya gari na vitabu vya wanafunzi vya kusahihisha. Mbwa hawakupanda gari hata mara moja. Walitangulia usiku na vijana kwa miguu, kwa kuwa mbwa aliyebebwa, alisema, anamkuta mnyama hajachoka wakati yeye pia hajachoka, na hiyo ni kuiba hatua. Hakutupa mkuki kwa mnyama aliyelala. Alipiga mluzi kwanza, akasubiri mnyama asimame, amwone. Mara nyingi aliyeonywa alikwenda zake, na Mkalimani alirudi garini mikono mitupu na uso wa mtu aliyeshinda. Jike lenye mimba aliliacha, na aliyelipiga hakuitwa tena.

Jambo lililowaudhi vijana zaidi ni mlango. Walipozunguka kichaka, watu na mbwa, alilazimisha upande mmoja uachwe wazi. Hapo hakusimama mtu, na mbwa hakutumwa. Anayepita pale amepita, hafuatwi. Kijana mmoja, mpwa wake, alilalamika mbele yangu kwamba nusu ya nyama ya mwaka imepotelea mlangoni.

"Sasa ulitaka apite wapi?" Mkalimani akamwuliza.

"Asipite, Mjomba."

"Ukifunga pande zote hujawinda. Umechinja. Nenda ukafanye kazi buchani."

Niliwaza jinsi mtu anavyoweza kuwa mwema hata kwa nguruwe wa porini, nikamwonea wivu na huyo nguruwe.

Nisimfanye malaika. Katika mchezo wa ajua, ule wa mbegu na vishimo, alikuwa mwizi wa wazi, alihamisha mbegu kwa kidole kidogo huku akikutazama machoni. Ukimshika alikana kwa lugha zote nne. Alikuwa mchoyo wa karanga. Na alipenda kusifiwa kama mimi, ila yeye alisifiwa.

Taa ile aliitazama siku ileile ya kwanza alipofika kupanda. Alizunguka gari mara mbili, akagusa kila kitu alichokuwa amekichagua, kwa ncha za vidole. Alipofika kwenye taa akasimama.

"Hii ni ya nini?"

"Ya ukungu," nikasema.

"Ukungu wa Homa Bay?"

Alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Safari iliyofuata alikuja na soksi ya sufu, rangi ya maziwa, iliyofumwa na mkewe, akaivalisha ile taa na kuifunga kwa kamba. Akasema kwamba wako watu wanaokuja bondeni na magari yenye taa kama hii. Mnyama akimulikwa hakimbii. Anasimama akiwa ameduwaa, anatazama mwanga, na mtu anampiga bila hata kutoka kwenye kiti. Aliniomba nisiiwashe kamwe ndani ya bonde.

Mimi, nikitaka kumwonyesha kwamba naelewa mambo ya haki kama yeye, nikasema, "Najua. Ndiyo maana wewe ukaikata kwa kalamu nyekundu."

Tulikuwa tukishuka mteremko. Nilisikia maneno yangu yakimaliza kutoka, kila moja peke yake. Kalamu nyekundu ilikuwa kwenye fomu yake. Fomu yake mimi sikuiona. Nilikuwa nimesema hivyo chini ya ngazi za shule, kwa Kiswahili, na ndivyo nilivyomwambia kila mtu.

Alitazama nje ya dirisha. Akasema, "Punguza mwendo. Kuna ng'ombe."

Nilipunguza. Hapakuwa na ng'ombe.

Tangu siku hiyo jambo moja tu lilinikosesha usingizi: je, alisikia? Kama alisikia, kwa nini hasemi? Kama hakusikia, basi bado mimi kwake ni mtu wa kauli, na heshima yake nimeiiba pamoja na gari. Sikujua lipi baya zaidi. Kila mwezi aliketi kando yangu, magoti yakigusa dashibodi, akanisimulia vituko vya mahakama, na kila mwezi, tukikaribia mji, alinyamaza. Kimya hicho kilikuwa cha kawaida, cha mtu aliyechoka. Lakini kilikuwa na nafasi ya kutosha mtu kusema sentensi moja. Mimi nilikijaza na habari za bei ya chaki.

Kipasha joto kilitumika mara moja. Mwezi wa saba mkewe alishikwa na malaria, nami nikaombwa kumpeleka hospitali asubuhi na mapema. Alipanda nyuma akitetemeka ndani ya mablanketi mawili. Mkalimani, kutoka kiti chake cha mbele, aliniuliza kama anaweza kubonyeza kile kitufe. Hewa ya moto ikatoka. Jasho lilinitiririka mgongoni. Nyuma yangu meno ya mgonjwa yaliacha kugongana, akalala. Ndipo aliponieleza kwamba miaka ya nyuma alimpeleka na homa ileile kwa baiskeli, alfajiri, na njia nzima mkewe hakulia maumivu. Alisema tu, "Nasikia baridi." Siku hiyo yeye aliapa kwamba gari lake likija litakuwa na joto.

Nimewaonea watu wivu kwa mambo mengi, mengine ya kijinga. Lakini sijawahi kuona wivu kama ule wa asubuhi ile, nikiendesha gari ndani ya joto la mapenzi ya watu wengine, mimi ambaye sikuwa na mtu wa kumwagizia hata feni.

Kisha bonde likafanywa hifadhi ya wanyama. Wenzake wengine waliendelea kuingia kwa kujificha. Yeye aliupeleka mkuki wake nyumbani, akautundika juu ya mlango. Nilidhani na mguu wa mbele umekwisha. Jumapili yake ilipofika alikuwa amesimama barabarani na koti lake. Tulikwenda mpaka ukingoni, tukakaa garini tukitazama nyamera wakila majani, tukarudi. Tulifanya hivyo kwa miaka. Nilimwuliza faida yake ni nini sasa. Akasema anapenda kukaa mbele.

Alipostaafu alihamia kwa binti yake Muhuru Bay, mbali, karibu na mpaka wa Tanzania. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza nilimfuata. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya sentensi yangu kutoka Homa Bay hadi Migori, na kutoka Migori nikaanza upya. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda kando ya nyavu za omena, wale dagaa wa ziwani, zilizoanikwa, na fimbo ndefu ya kufukuzia kuku. Macho yalikuwa yameanza kumwacha. Hata hivyo wavuvi waliopita walisimama kumwuliza jambo, na wanawake walikuwa na bahasha. Amefika juzi tu, nikawaza, na tayari wanavuka barabara, ingawa pale hapakuwa hata na barabara.

Alilijua gari kwa mlio. Tulikula, tukacheza ajua, akaniibia mbegu nne. Nilipoagana naye nilimwekea funguo mkononi, nikasema gari ni lake, achukue, mimi nitarudi kwa basi. Nilifikiri kitendo kitasema kwa niaba yangu.

Alizipima funguo zile kiganjani, kisha akanirudishia. "Nyama haitolewi mezani bila maneno, Nyar Kisegi," akasema. "Una neno?"

Nikasema sina. Nikasema ni zawadi tu. Akafukuza kuku.

Wiki mbili baadaye kondakta wa basi la Kisumu aliniletea bahasha ya kaki. Yule muuzaji alikuwa akifunga duka, anahamia Uingereza na familia yake, na kwa uungwana wake alikuwa anawarudishia wateja karatasi zao. Ndani mlikuwa na fomu mbili zilizobanwa kwa pini, yangu juu, ya Mkalimani chini. Nyuma ya yangu palikuwa na mwandiko wa kalamu nyekundu. Tarehe yake ilikuwa ya siku ileile aliyokuja shuleni kusifia maua. *Nimeambiwa hapa kwamba barua haikufika. Nadhani haikuandikwa. Naenda kumwuliza. Akisema ni lake, mpe. Mimi nitakaa mbele, ningoje.*

Nilikaa na karatasi ile mpaka kengele ya chakula ikapigwa. Alijua kabla hajauliza. Alijua aliposimama mbele ya taa, alipovalisha soksi, alipoona ng'ombe wasiokuwapo. Miaka yote ile nilidhani nambeba mtu aliyeshindwa, kumbe alikuwa amezunguka kichaka pande tatu, akaketi kando yangu, na kuuacha mlango wazi.

Nilikwenda posta. Simu za mbali zilipitia kwa opereta, mwanamke aliyejua magonjwa na mahari za wilaya nzima, na lolote ulilolisema kwenye mstari wake lilifika sokoni kabla yako. Nilijua hivyo. Nikamwomba anipe ofisi ya samaki ya Muhuru Bay.

Karani wa huko alisema Mzee yuko karibu, atamwita. Akaweka simu mezani. Nilisikia kuku, nikasikia mtu akipima samaki na kubishana. Opereta akaingia kusema dakika tatu zimekwisha, niongeze? Nikaongeza. Zikaisha tena. Nikaongeza tena. Nilimwona akilini akitembea polepole na fimbo yake kati ya nyavu, nikajiambia kwamba mimi sijangoja hata robo saa na tayari nataka kukata.

"Haya," sauti yake ikasema.

"Jaduong'," nikasema, nikimwita mzee kwa Kijaluo, "hakukuwa na barua. Mkuki wako ndio ulitangulia. Niliiona fomu yako mezani, nikainakili."

Kimya. Kilikuwa kimya kilekile cha kukaribia mji, na safari hii sikukijaza na chaki.

"Nilikuwa naogopa umelala humo kichakani," akasema kwa Kijaluo. Halafu akauliza, "Ile taa, bado imevaa soksi?"

"Imevaa."

Nikamsikia akivuta pumzi, na akageukia Kiswahili.

"Basi njoo unichukue Jumapili," akasema. "Safari hii nitakaa nyuma, kama mwenye gari."

Opereta ndiye aliyetangulia kucheka.